Kushuka kutoka Mandara

Septemba 2014 nilitoka lango la Marangu nimeshikwa kwapani na wasichana wawili wa kidato cha tatu, na wa tatu amebeba begi langu. Tulikuwa tumelala Mandara, kituo cha kwanza cha mlimani, usiku mmoja, kama nilivyozoea kufanya na wanafunzi wangu. Kupanda nilipanda bila shida. Wakati wa kurudi, tulipofika kwenye daraja la mbao, goti la kushoto liliniachia. Halikuuma kwanza. Liliachia tu, kama bawaba iliyong'oka misumari, nikajikuta nimekaa katikati ya daraja, na watoto 28 nyuma yangu wamesimama kimya, hawajui kama inafaa kumsogelea mwalimu.

Nilifundisha Jiografia kwa miaka 36 huku huku Vunjo. Safari ya Mandara niliianzisha mwaka 1988. Watoto wetu wamezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na wanakunywa maji yake yanayoshushwa na mifongo waliyochimba mababu, lakini wengi wao hawakuwahi kuvuka lango la hifadhi. Mlima waliuona kama mali ya wageni wenye mabuti. Niliona aibu kuwachorea ubaoni kanda za mimea wakati msitu wenyewe uko jirani na darasa. Niliwapeleka mara 19. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nimekifikia mara moja tu, mwaka 1994, nikiwa na miaka 34.

Baada ya siku ile ya daraja sikurudi. Safari niliwaachia walimu vijana, nikasema majukumu yamezidi. Ukweli ni kwamba nilianza kuyapanga maisha yangu yote kwa kuukwepa mteremko, na Marangu hakuna mahali pasipo na mteremko. Kwenda kwenye mfongo kuchota maji ya ng'ombe ni kushuka. Kwenda sokoni Marangu Mtoni ni kushuka. Ngazi za kanisani nilizishuka kinyumenyume nimeshika ukuta, baada ya kusubiri watu watawanyike. Kupanda kulinichosha, lakini kushuka kulinitisha, na mtu yeyote mwenye goti bovu atakuambia hivyo hivyo.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Charité mjini Berlin walichapisha vipimo walivyochukua kwa wagonjwa watano waliowekewa magoti bandia yenye vifaa vya kupimia nguvu ndani yake. Mtu anapotembea tambarare, goti hubeba zaidi ya mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Anaposhuka ngazi, hubeba karibu mara tatu na nusu. Mimi nilikuwa na kilo 81. Kwa hiyo kila nilipoteremka ngazi moja ya kanisa, goti lilipokea kama kilo 280, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia na la tatu limekaribia kujaa. Tena wakati wa kushuka msuli wa paja haupumziki. Unapopanda, msuli unasukuma, unaposhuka, unazuia. Unarefuka huku umekaza, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani na hataki kamba imponyoke. Msuli ukichoka, kamba inaponyoka, na mzigo wote unaangukia kiungo.

Ugonjwa wangu ni wa kawaida. Mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa muundi vimefunikwa na gegedu, ile ngozi nyeupe inayoteleza unayoiona ukivunja kiungo cha paja la kuku. Gegedu langu lilikuwa limekwisha upande wa ndani wa goti. Kwenye picha ya eksirei, pale panapotakiwa kuonekana nafasi nyeusi kati ya mifupa miwili, mifupa ilikuwa imekutana. Watu wetu husema magoti yamesagika, na neno hilo ni sahihi kabisa. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, wanawake kuliko wanaume, wenye uzito mkubwa, waliowahi kuumia goti, na wale ambao kazi yao ni kuchuchumaa na kubeba mizigo. Nikiwakumbuka mama zetu waliopandisha majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare, mwaka nenda mwaka rudi, ndipo naelewa kwa nini nilikua nikiwaona bibi wengi wanatembea miguu imepinda kama upinde. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ule ni ugonjwa. Tuliuita uzee.

Daktari hakukimbilia kisu, na namshukuru kwa hilo. Alinitaka kwanza nipunguze uzito, nikaze misuli ya mapaja, ninywe dawa za maumivu kwa kiasi. Baadaye nilichomwa sindano ndani ya goti, nikapata nafuu ya miezi michache. Tulikwenda hivyo kwa zaidi ya miaka miwili. Upasuaji ulikuja mezani pale maumivu yalipoanza kuniamsha usiku nikiwa nimelala, na nikawa siwezi tena kutembea nusu kilometa bila kusimama. Aliniambia pia jambo ambalo ningependa kila mgonjwa aambiwe kabla ya kutia saini: karibu mtu mmoja kati ya watano waliobadilishwa goti hubaki hajaridhika, ama kwa maumivu, ama kwa ugumu wa kiungo. Nilirudi nyumbani nikakaa na neno hilo wiki mbili. Kisha nikapanga tarehe, Juni 2022. Nilikuwa na miaka 62 na bima ya wastaafu. Bila bima hiyo nisingeweza hata kulifikiria.

Jina lenyewe la upasuaji linapotosha. Mtu akisikia "kubadilishwa goti" anadhani goti zima linang'olewa na kuwekwa jingine. Kinachofanyika ni kuchonga ncha za mifupa, kama sentimita moja au pungufu kila upande, na kuzivisha. Mfupa wa paja unavishwa kofia ya chuma iliyotengenezwa kwa kobalti na kromiamu. Juu ya muundi inakaa sahani, mara nyingi ya titani. Katikati yake kinawekwa kipande cha plastiki ngumu, ambacho ndicho gegedu jipya. Mara nyingi vyote hushikwa na saruji maalumu ya mifupa. Misuli, ngozi na sehemu kubwa ya kano vinabaki vyako, na ndiyo maana baada ya upasuaji kazi inabaki kuwa yako.

Mtu wa kwanza kujaribu jambo hili alikuwa daktari Themistocles Gluck, mjini Berlin, mwaka 1890. Alimwekea mgonjwa wa kifua kikuu cha kiungo goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu. Kama mwalimu, tarehe hiyo ilinigusa: ni miezi michache tu baada ya Hans Meyer kufika Kibo, kilele cha mlima wetu, Oktoba 1889, katika siku ambazo pembe za ndovu za bara bado zilikuwa zikishuka Bagamoyo na Pangani kwenda Ulaya. Magoti ya Gluck hayakudumu. Yaliharibiwa na maambukizi. Goti linalofanana na langu lilipatikana miaka ya 1970, kwa kazi ya John Insall na wenzake kule New York. Leo, kwa mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet, magoti kama 82 katika kila 100 hudumu miaka 25. Nikijaliwa, langu litanizika.

Siku yenyewe nilichomwa ganzi ya mgongo. Sikuhisi maumivu ila nilisikia msumeno, kisha nyundo, na katikati yake sauti za watu wakiongea kwa utulivu kama mafundi walio kazini. Kesho yake asubuhi muuguzi alikuja na fremu ya kutembelea akasema, "Mama, tunaamka." Nilidhani amekosea kitanda. Hakukosea. Siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ile ile au inayofuata, kwa sababu kulala kunaalika damu kuganda miguuni. Kabla ya kuruhusiwa nilifundishwa dalili za kunikimbiza hospitali: kigimbi kikivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, homa, au kidonda kikitoa maji au usaha. Mambo hayo manne niliyaandika nyuma ya kalenda ya jikoni, na bado yapo.

Nyumbani nilipokewa kama mzazi. Wanawake wa mtaa walileta mtori kwenye vyungu, kama wanavyomletea mama aliyejifungua, na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kinapakana na changu, alihamia kabisa chumbani kwangu. Kwetu mgonjwa hulazwa, hufunikwa, hulishwa. Kumwacha ainuke ni kumtelekeza. Siku ya kumi walipoona nimetoka na magongo hadi kwenye mgomba wa kwanza, mama mmoja alimgombeza wifi yangu mbele yangu kwa kuniacha niteseke. Na wifi, kwa mapenzi yake yote, kila usiku alikunja blanketi akaliweka chini ya goti langu. Raha yake siwezi kuieleza. Goti lililopasuliwa linapenda kukaa limekunjwa kidogo, na lile blanketi lililipa linachotaka.

Siku ya 16 nilikwenda kliniki ya mazoezi. Daktari wa mazoezi alikuwa kijana mwembamba, wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Alinilaza kitandani, akatoa kipimapembe cha plastiki chenye mikono miwili mirefu, akauweka mkono mmoja sambamba na paja, mwingine sambamba na muundi. Nilijikaza kunyoosha. Aliangalia namba, akaangalia tena.

"Mama, usiku unalalaje? Kuna mto chini ya goti?"

"Ni blanketi. Wifi yangu ananiwekea."

"Mwambie asante. Halafu mwambie alihamishie chini ya kisigino."

Goti langu lilikuwa limebakiza nyuzi 12 kunyooka. Alinieleza kwa lugha ambayo mwalimu wa Jiografia hawezi kuisahau: kovu la ndani ni kama matope, yanashika umbo la mahali yanapokaukia. Ukiyaachia yakauke goti limekunjwa, litabaki limekunjwa, na mguu usionyooka ni mguu mfupi. Utachechemea maisha yako yote, na mlima hutauona. Watu wengi, alisema, wanahangaika na kukunja kwa sababu ndiko kunakouma, wakasahau kunyoosha. Usiku ule nililala na blanketi chini ya kisigino na goti likining'inia hewani. Nililia. Wifi alitoka nje ili asione.

Mazoezi yenyewe hayakuhitaji mashine. Kulala chali na kulisukuma goti chini kwenye godoro, ukihesabu hadi tano, mara kumi, kila saa. Kukaa kwenye kiti, kipande cha kanga chini ya kisigino, na kukivuta nyuma juu ya sakafu ya saruji hadi goti ligome, kisha kuongeza kidogo. Kusimama na kukaa bila kushika kiti. Chupa ya maji iliyogandishwa, imefungwa kanga, juu ya goti kila baada ya mazoezi. Mtoto wa jirani alichora grafu ukutani. Kukunja kulianza nyuzi 68 siku ile ya 16. Wiki ya sita zilifika 94. Mwezi wa tatu, 112. Zile 12 za kunyoosha zilipungua hadi tatu, kisha zikaisha. Nilipunguza pia uzito, kutoka kilo 81 hadi 74, na kwa hesabu ile ya Berlin kila kilo niliyoiacha iliondoa zaidi ya kilo tatu kwenye kila hatua ya kushuka.

Yapo ambayo hayakurudi. Upande wa nje wa kovu hauna hisia hadi leo. Kuna mshipa mdogo wa fahamu unaokatwa ngozi inapopasuliwa. Goti linagonga kidogo, chuma na plastiki vikikutana, na hilo halina madhara. Kupiga magoti kumenishinda. Daktari alisema sitaharibu kitu nikipiga juu ya mto, lakini ni kama kupigia magoti kipande cha ubao ambacho si changu, kwa hiyo Meza ya Bwana naipokea nimesimama. Rafiki yangu wa Himo, aliyefanyiwa upasuaji kama wangu, anaswali akiwa kwenye kiti. Choo cha kuchuchumaa nilimwita seremala akakijengea kiti cha mbao kabla hata sijalazwa, na kama kuna jambo moja la kuandaa mapema, ni hilo.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji nilirudi kwa daktari aliyenipasua. Alisema nitembee, nipande, niogelee, niendeshe baiskeli. Nisikimbie, nisiruke. Wengi, alisema, huanza matembezi ya njia rahisi kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Milima inasubiri zaidi.

"Na Mandara?" nikamuuliza.

"Ngazi unazishukaje?"

Nilimwambia ukweli: moja moja, nimeshika. Nilikuwa bado nafuata sheria ya hospitali, ambayo kila mgonjwa anafundishwa: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, utangulie mguu uliopasuliwa, ili ule mzima ndio ufanye kazi ya kuzuia. Akasema, "Siku utakapozishuka kwa kupishanisha miguu, bila kushika, na bila kufikiri, nenda."

Ngazi za kanisa letu ni 14. Nilizifanya shule. Kila jioni, kanisa likiwa tupu, nilipanda na kushuka mara tano, kisha mara nane. Nilijifunza kushuka polepole kuliko nilivyodhani inawezekana, nikihesabu hadi tatu kabla unyayo wa chini haujagusa, kwa sababu ni katika hizo sekunde tatu msuli wa paja unapojengeka. Nyumbani nilitumia mteremko wa kihamba, kutoka mlangoni hadi kwenye mfongo, na fimbo mbili za mti wa mbuni alizonikatia mdogo wangu. Fimbo mbili, si moja. Moja inakupindisha, mbili zinachukua sehemu ya mzigo na kuupeleka mabegani. Sheria ya daktari wa mazoezi ilikuwa ni kusubiri kesho. Goti likivimba jioni, si neno. Likiamka kesho asubuhi bado limevimba na linauma kuliko jana, umezidisha, rudi nyuma wiki moja. Nilirudi nyuma mara tatu.

Mwezi wa kumi nilizishuka zile 14 nikiwa nawaza mahubiri, nikafika chini ndipo nikagundua kuwa sikushika chochote. Mwezi wa 12 nilishuka hadi chini ya maporomoko ya Kinukamori na kupanda tena. Nikampigia simu mwanafunzi wangu wa miaka ya 90, ambaye sasa ni mwongozaji wa mlima.

Tuliingia langoni Septemba 2023, siku ya Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi. Kutoka lango, lililo karibu na mita 1,870, hadi Mandara, karibu mita 2,700, ni kama kilometa nane, na wageni wengi hutumia saa tatu au nne. Sisi tulitumia tano na nusu. Tulipumzika Kisambioni muda mrefu, nikala ndizi nikiwa nimenyoosha mguu juu ya benchi. Msitu ulikuwa kama nilivyouacha: mbega juu, kima wakichungulia, ndevu za kijani zikining'inia kwenye matawi. Kando ya njia, mahali penye unyevu, nikaliona lile ua dogo jekundu na njano lenye mkia uliojikunja kama mkonga wa tembo, Impatiens kilimanjari, ambalo halioti porini popote duniani isipokuwa kwenye mlima huu. Nilikuwa nawaambia watoto wainame waliangalie. Safari hii nilisimama tu, nikaliangalia kutoka juu.

Wagumu, yaani wapagazi wa mlima, walitupita siku nzima. Wanabeba hadi kilo 20 za mzigo wa wageni, juu yake na vya kwao, wengine kichwani, na wakati wa kushuka wanakimbia, kwa sababu anayefika mapema anawahi kazi nyingine. Kila mmoja aliniambia, "Pole pole, Mama." Wawili waliniita Mwalimu. Nilitazama magoti yao. Kwa hesabu ya Berlin nilikuwa najua kila hatua inawagharimu nini, na inanisumbua kwamba viatu vya wageni hukaguliwa, mifuko yao ya kulalia hukaguliwa, lakini sijasikia mtu akikagua goti la mgumu wa miaka 45. Wenye kampuni wanaosoma haya, wapelekeni kwenye mazoezi ya mapaja wakiwa bado vijana. Hayana gharama.

Nililala Mandara kwenye vile vibanda vya mbao vya paa la pembetatu, goti limefungwa kitambaa cha maji baridi. Sikulala sana. Nilikuwa nasubiri asubuhi ijibu. Kulipopambazuka nililigusa: joto kidogo, uvimbe kidogo, hakuna zaidi ya jana. Tukatembea hadi kreta ya Maundi, robo saa ya wengine na nusu saa yangu, na kutoka ukingoni nikaiona Mawenzi, Kibo nyuma yake, na upande wa pili Ziwa Jipe na milima ya Upare. Mwongozaji aliuliza kama natamani Horombo, kituo kinachofuata. Nilimwambia nimekuja kushuka.

Na tulishuka. Alinirefushia fimbo, kwa sababu wakati wa kushuka zinatakiwa kutangulia chini kabla ya mguu. Hatua fupi, goti lisifungwe likanyooka kabisa, penye mteremko mkali tunakwenda kwa kukatakata kushoto na kulia. Kila dakika 20 tunasimama kabla sijachoka, si baada. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanasubiri paja litetemeke. Penye ngazi kubwa za mizizi nilirudi kwenye sheria ya hospitali, mguu wa kushoto kwanza. Watalii vijana walitupita wakicheka.

Daraja nililitambua kabla sijalifikia, kwa sauti ya maji. Mbao zilikuwa zimelowa. Mwongozaji, ambaye alisimuliwa kisa kile na mdogo wake aliyekuwa miongoni mwa wale 28, alinipa mkono. Nikamwomba atangulie avuke, asimame ng'ambo, asiangalie. Nilivuka na fimbo zangu, ubao mmoja baada ya mwingine. Goti liligonga mara mbili, sauti ambayo mimi peke yangu naisikia. Halikuachia. Tulipita lango saa saba mchana.

Jioni nilikaa barazani, mguu juu ya kiti, chupa ya barafu kwenye kanga. Wifi alikuja na bakuli la mtori. Alikaa kwenye kigoda, akatoa chupa, akaweka kiganja chake juu ya kovu.

"Bado lina moto," akasema.

"Litapoa hadi kesho."

Alikaa kimya. Kisha akaivuta kanga yake juu kidogo, akayaangalia magoti yake mwenyewe, la kulia limepinda kuelekea jingine kama yalivyokuwa ya mama yake.

"Yule kijana wa mazoezi," akasema, "anakuwepo siku gani?"

"Jumanne na Alhamisi."

"Jumanne tuna mnada wa ng'ombe," akasema. "Unipeleke Alhamisi."